Kisogo

Mwaka wa kwanza pale Mwenge sikushika patasi.
Nilishika msasa, fagio, sufuria ya chai
na kopo la kiwi
la kuipaka miti myeupe iuzwe kwa jina la mpingo.
"Huo nao ufundi," alisema Fundi Namkoveka,
"ila usiuzoee."

Mwaka wa pili akanipa tezo
na gogo la mpingo wenyewe, gumu kama deni.
"Chonga sikio."
Nikachonga masikio arobaini na moja;
yote yaliivisha maharage.
La arobaini na mbili aliligeuza, akaligeuza tena,
akalitia mfukoni, akaenda zake.
Usiku ule nililala fundi.
Asubuhi akaniuliza: "La kushoto je?"

Alinituma Kariakoo nisinunue kitu,
nikatazame tu wapagazi,
bega linavyokubali gunia
kabla goti halijakubali.
"Uso ni kibao cha mlangoni," alikuwa akisema.
"Wewe ingia ndani."

Sasa nina banda langu, na udongo wa Pugu kwenye ndoo.
Akaja Bi Mwanahamisi wa Keko
na picha ya pasipoti, nyuma yake rangi ya samawati:
marehemu mumewe, karani wa reli.
"Nataka kichwa. Kizima."

Paji nililipata. Pua, na kovu la kidevuni.
Nilipozunguka nyuma nikakuta ukuta.
Picha haijui nyuma.

"Kisogo chake kilikuwaje, mama?"

Akacheka. "Yule? Hakuwahi kunipa kisogo."
Kisha akanyamaza muda mrefu,
fundi cherehani wa jirani akamaliza pindo zima.
"Nilikuwa namnyoa," akasema. "Kila Alhamisi."

Mkono ukapanda wenyewe, ukapinda hewani,
kidole gumba kikatafuta mahali pake.
"Hapa palikuwa na kibonde.
Na hapa wembe ulikuwa unaruka,
ananiambia taratibu, wewe, hicho si kiazi."

Sikusema kitu.
Nikausogeza udongo chini ya kiganja chake
nikaubonyeza mpaka akafumba macho.

Malipo alimaliza kwa awamu tatu.
Nasikia kichwa kipo sebuleni,
juu ya kabati la vyombo, uso ukutani.
Wageni wakiuliza, anawaongezea chai.

Sikio la kushoto limepinda kidogo.
Yeye hakuliona.
Namkoveka angeliona kutoka barabarani.