Tiketi Namba Mia na Saba

Mimi ndiye niliyezinakili nyimbo zake kwenye kadi za simu,
pale kibandani, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani:
mia mbili wimbo mmoja, mia tano zote tatu.
Mwezi wa kwanza ziliuzwa kadi nne,
mbili nikizinunua mwenyewe.

Mwanamkasi Shekiondo. Jukwaani, Kasi.
Ingawa jukwaa lilikuwa meza ya fundi cherehani,
na kasi hakuwa nayo:
nyimbo zake zilitembea kama mtu aliyevua viatu
asiamshe nyumba.

Kinanda alikirithi kwa shangazi yake, mwimbaji wa taarabu za harusi.
Vitufe vitano vimekufa,
na palipokufa kitufe akapatungia ukimya.
Mdundo aliuokota popote:
jokofu la mangi likijikohoza usiku wa manane,
mnyororo wa baiskeli uliokauka mafuta,
mashine ya kusaga kule Makorora, mkanda umelegea,
kofi, pumzi, kofi.
Akavipika kwenye kompyuta iliyong'oka herufi M,
ndiyo maana kila faili lilisomeka *wanakasi*
na watu wakadhani ni kundi zima.

Redioni wakamwambia: sauti unayo, dada, lakini wimbo uko wapi?
Mama yake akamwambia: umeme wenyewe twaununua kwa kuungaunga,
nawe waukalisha uimbe!
Vijana wa rapu wakamwita andagraundi.
Akacheka. Chini ya ardhi, akasema, ndiko uliko muhogo,
na muhogo haungoji makofi ndipo unenepe.

Usiku wa ghala la mkonge
tulikuwa kumi na tisa. Niliwahesabu,
maana mlango ulikuwa ni mimi.
Wimbo wa pili haujafika katikati, umeme ukakata.
Giza, na vumbi la katani kooni.
Yeye hakunyamaza.
Sauti ikabaki imesimama peke yake, haina pa kuegemea,
hadi Mbaruku muuza betri akaanza kuguna kama jokofu,
mtu nisiyemjua akapiga kofi la mkanda,
nami nikawa mnyororo, krr, krr,
na kwa dakika nne hivi
tulikuwa kiwanda kinachofanya kazi.
Umeme uliporudi, kuna waliozomea taa.

Miaka sita. Kadi mia mbili na kumi na moja.
Dereva wa lori aliapa kwamba aliusikia mmoja wa nyimbo zake Tunduma,
kwenye saluni ya kiume, kinyozi akiufuatisha kwa mashine.
Kasi alinirudisha kwenye habari hiyo mara tatu:
kinyozi alikuwa akitikisa kichwa, au mkono tu?

Kisha akaja kibandani mikono mitupu.
Kinanda kimekuwa ada ya mdogo wake.
Hakulia, wala sikuuliza.
Alinunua kava la simu, la kijani, akaondoka.

Baadaye nikapata kujua: benki moja ilitafuta sauti.
Asubuhi moja, chumba chenye magodoro ukutani,
akasoma namba, moja hadi mia tisa tisini na tisa,
na madirisha sita.
Elfu themanini, taslimu. Jina halikuandikwa popote.

Sina akaunti pale.
Alhamisi nafunga kibanda, naingia, nabonyeza,
nakaa chini ya feni na karatasi yangu mkononi.
*Tiketi namba mia na saba,* anasema Kasi,
*dirisha namba tatu.*
Na kabla ya tatu, sikiliza, anavuta pumzi
ndefu kuliko wanavyolipia benki,
pumzi ileile ya mkanda wa Makorora.
Hawakuisikia, au hawakujua kuikata.

Bibi aliyekaa kando yangu anaguna:
huyu binti hana haraka kabisa.
Namwambia, anaitwa Kasi.
Ananitazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Dirisha la tatu wananiuliza, nikusaidie nini, kaka?
Nasema samahani, nimesahau kitu,
narudi kwenye mashine,
nachukua tiketi nyingine.