Mashine ya Kumi na Nne

Karatasi ya mlangoni niliichapa mwenyewe,
nikaipiga muhuri, nikaibandika kwa gundi ya mkebe
maana ile ya utepe mnaichuna mkipita.
Mistari kumi na mmoja. Hakuna aisomaye.
Basi leo, kabla jenereta halijachoka,
niwasomee mimi, Tulizo Mwakalinga,
mwenye funguo za chumba hiki
tangu kompyuta zilipokuwa za chogo.

Usiingie na chakula. Mnacheka.
Mnasema Bi Tulizo hajui njaa.
Naijua. Nimefuta mafuta ya chipsi mayai kwenye kipanya,
alama ya kidole cha pilipili katikati ya kioo.
Nimeona sisimizi wakitoka chini ya vitufe
kwa foleni nzuri kuliko yenu ya printa.

Usiguse nyaya. Yule aliyechomoa waya mmoja tu
apate kuchaji simu yake
alizima kurasa arobaini za Sikujua Chande,
ambaye hakuwa amehifadhi kitu tangu saa nne.
Sikumfokea. Alipiga magoti chini ya meza
akaurudisha waya, akauchomoa, akaurudisha,
kana kwamba maneno yamekwama mle.
Hifadhini. Hifadhini kila mkimeza mate.
Umeme wa Dar haupigi hodi, wala hauagi.

Daftari si mtu. Kofia haina namba ya usajili.
Ukiiacha kitini ukaenda Mwenge kula,
dakika kumi na tano, kisha kiti ni cha aliyesimama.

Na ukiinuka, funga ulichofungua.
Nakuta akaunti ziko wazi kama nyumba ya msiba,
kila apitaye anaingia.
Nimekuta barua ya kumwomba ada mjomba wa Mbagala,
imeandikwa, ikafutwa, ikaandikwa upya kwa unyenyekevu zaidi.
Nilifumba macho, nikafunga ukurasa.
Mwingine asingefumba.

Sasa, mashine ya kumi na nne.

Ilikuwa Februari, kiyoyozi kimekata roho,
mtu akaingiza juisi ya ukwaju ndani ya mkoba.
Niliigeuza kibodi kifudifudi, nikaipepea kwa faili,
nikaianika dirishani kama dagaa.
Herufi zote zilifufuka isipokuwa A.

Ingekuwa Q, ningeshukuru.
X ingekufa, tusingejua hata siku ya matanga.
Lakini A!
Hebu jaribu kuandika Kiswahili bila A.
Mama anabaki mm. Baba, bb.
Nakupenda inakuwa kikohozi.

Nilipaza sauti wiki nzima: nani?
Mkainamia vioo vyenu, wachamungu watupu.
Nikaomba kibodi mpya. Ombi liko ofisi ya ununuzi,
lina sahihi mbili, linasubiri ya tatu,
na mwenye ya tatu yuko semina.

Jumatatu moja, alfajiri, nafungua mlango,
nakuta karatasi kwenye trei ya printa:

    Smhni, mm Tulizo.
    Mimi ndiye niliyemwg.
    Sikuw nimekul tngu jn.
    Niliogop. Nitlip kidogo kidogo.

Jina hakuweka. Chini yake noti ya elfu mbili,
imekunjwa mpaka ikawa ndogo kama hirizi.

Nilisimama pale na ndoo ya maji mkononi.
Mashine ya kumi na tano ilikuwa tupu usiku ule,
nimeangalia daftari la zamu, ilikuwa tupu,
nayo ina herufi zake zote.
Yeye akaenda kuketi pale alipoharibu.

Nimeibandika chini ya masharti, kwa gundi ileile.
Hiyo mnaisoma. Nawaona mkisimama mlangoni,
midomo ikichezacheza bila sauti,
mkirudisha A moja moja mahali pake.

Elfu mbili iko kwenye droo. Mwenyewe aje aichukue,
nami nina mihogo ya kuchemsha, lakini tutakula nje, barazani.

Kibodi bado.
Haya, zimebaki dakika tano. Hifadhini.