Neno la Kubishia Hapana

Mama alikwenda Freiberg mwaka wa sabini na nne,
siku nane ndani ya treni, nyama kavu mfukoni,
kusomea ngozi: namna ya kuinyonyoa,
namna ya kuikausha isioze,
namna ya kuilainisha hadi ikubali kuwa glavu.
Miaka mitano. Akarudi Darkhan na cheti,
mwavuli, katika nchi ambayo mvua ni mgeni,
na neno moja.

Mengine yalichujuka.
Yalitangulia majina ya kemikali, yakafuata ya mboga,
kisha jina la mwenye nyumba aliyemfokea
kwa kutia chumvi kwenye chai.
Kijerumani kilimtoka kama rangi ya shuka,
kila kufua, maji yenye wekundu kidogo.
Neno hili halikutoka:

doch.

Kwetu hatuna kitu hicho.
Ukiulizwa, "Hujala?" ukajibu ndiyo,
ndiyo yako bado ina njaa.
Wajerumani wamejichongea neno
la kusimama mbele ya hapana, na hapana tu,
fupi kama kifungo cha koti:
wewe umesema sivyo, mimi nasema ndivyo.

"Huwezi kusimamia mapipa," walimwambia kiwandani,
"hiyo kazi ya wanaume."
Doch.
"Mtoto huyu hatafika asubuhi."
(Mtoto huyo ni mimi. Januari, miezi saba,
baridi ya kuvunja chuma.)
Doch, alimjibu mkunga, doch, doch,
akanitumbukiza ndani ya koti la manyoya
kifuani pake, na asubuhi
ikatukuta wawili.

Baba, Luvsan, hakuwahi kuvuka mpaka wowote.
Dereva wa lori la makaa,
mtu wa kutumia maneno kama mafuta ya mgawo.
Neno lile lilimkera miaka kumi.
"Huongei kama watu, Dulmaa!"
"Doch."
Basi angetoka nje, aupige tairi teke.

Hata jioni moja, sijui walikuwa wamegombania nini,
mama alisema kwa sauti ndogo: "Hunipendi tena."
Baba alikuwa chini anaziba mpira wa ndani,
gundi vidoleni. Hakuinua macho.
"Doko," alisema,
vibaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kulitamka.
Mama alicheka hadi maziwa yakafurika jikoni,
nasi tukala wali ulioungua,
na tangu siku hiyo neno likawa la nyumbani,
kama sufuria, kama mbwa.

Binti yangu Khongor aliliandika kwenye insha.
Mwalimu akalizungushia wino mwekundu: Lugha gani hii?
Naye chini yake: Kimongolia cha bibi.

Baba hayupo sasa. Mama anakaa dirishani,
anayapapasa mapazia kwa kidole gumba,
anatafuta upande wa manyoya.
Jana nilimwuliza: "Huikumbuki Freiberg?"
Alinitazama muda mrefu.
"Ndiyo," alisema, kwa lugha yetu,
na lugha yetu, nimeshasema, haisaidii hapo.
Nikangoja. Chai ikapoa.

Chumba cha pili mume wangu alikuwa anasema,
"Huendi nje bila kofia," na Khongor,
ambaye ramani ya Ujerumani hajawahi kuifungua,
akalipigia kelele lile neno
na kubamiza mlango.

Mama aligeuza kichwa,
taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake.