Tano Mbili

Whitby, Machi, mvua ya kuja ubavuni.
Basi la shule ya kanisa kutoka Middlesbrough
limetema watoto ishirini na sita mlangoni petu,
kila mmoja na koti la njano na daftari la maswali
ambalo majibu yake yamekwisha kuchapwa nyuma.

Mimi ndiye mpokea makoti.
Beji yangu inasema Zuwena. Mwongozaji wao,
Bwana Ollerenshaw, huisoma kila mwaka
kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kitasa cha jirani.
Si mtu mbaya. Huja na biskuti za tangawizi,
huwafunga wadogo kamba za viatu
goti lake likilowa sakafuni.

Mbele ya mjusi wa bahari aliyelala ukutani,
mbavu wazi kama mkeka uliofumuka,
anawauliza: "Kibao kinasema miaka mingapi?"
"Milioni mia moja na themanini!"
"Na aliyeandika kibao, alikuwepo?"
"Hapana!" Kwa pumzi moja; kioo kikatetema.
"Basi nani alikuwepo?"
Vidole ishirini na sita vikapaa darini,
penye bomba linalovuja.

Sikucheka. Mimi pia huswali,
alfajiri, chumbani juu ya duka la samaki na chipsi;
mimi pia namjua aliyekuwepo.
Ila sijawahi kumtuma anifutie kibao.

"Huyu," anasema, "aliumbwa siku ya tano."

Nikabaki na namba za makoti mkononi.
Ya tano ipi?
Juma la kwetu lina tano mbili:
Jumatano, ukianza kuhesabu Jumamosi,
na kesho yake Alhamisi, ambayo kwa waliotupa jina lake
ni ya tano vilevile.
Tumezilaza chumba kimoja, hazigombani.
Waliozihesabu hawakuanzia mlango mmoja,
neno likakalia neno,
kama jabali la pwani hii, tabaka juu ya tabaka,
linavyojifunua bahari ikilimega.
Mama yangu hakuwepo zilipokutana. Wala mamaye.
Simjui hata mmoja aliyekuwepo.
Na bado naweka kidole kwenye kalenda,
nazo hizo hapo.

Msichana mmoja alirudi kufuata glavu.
Keziah, jina kwenye kola, meno mawili ya mbele hayapo.
Akasimama kwenye kabati ambalo wenzake walilipita,
la amonaiti, konokono wa kale waliogeuka mawe,
wamejikunja kama ngata zinazosubiri mzigo.
Mmoja ana kichwa cha nyoka. Macho. Mdomo.

"Mtakatifu aligeuza nyoka wakawa mawe," akaniambia.
"Bwana Ollerenshaw amesema hiyo ni hadithi tu."
"Amesema kweli."
"Amejuaje? Hakuwepo."

Nilifungua kinywa, nikakifunga.
Nikachukua tochi ya kutafutia vifungo chini ya benchi
nikammulika nyoka shingoni, pale patasi ilipoteleza:
mikwaruzo mitatu, mifupi, ya mtu mwenye haraka,
mwenye kodi ya kulipa kabla wageni hawajaondoka.

Alitazama mpaka pumzi yake ikachora ukungu kiooni.
Akaufuta kwa kiwiko. Akatazama tena.
"Alikuwa wa mkono wa kushoto," akasema. "Kama mimi.
Ona inavyolalia."

Miaka kumi na mmoja napangusa kioo kile.
Sikuwahi kuona inalalia wapi.

Nje, honi.
Bwana Ollerenshaw anahesabu makoti ya njano kwa mwavuli,
anafika ishirini na tano, anaanza upya,
uso wake umeparara kwa hofu, na hapo nampenda.
Keziah anakimbia, glavu moja mkononi, nyingine mdomoni.
Daftari lake amelisahau juu ya kaunta yangu.
Swali la tisa, *Tumejuaje?*, mstari mtupu.
Jibu liko nyuma, limechapwa, sentensi nzuri.
Yeye amechora mikwaruzo mitatu
na mshale.

Nimeliweka kwenye droo ya vitu vilivyopotea.
Leo Jumatano.
Kesho, tano ya pili, nitapangusa tena.