Mgeni wa Ngezi

Kibao cha kwanza: mtondoo.
Cha pili: mvule.
Cha tatu kimeliwa na kutu;
Bwana Asaa akafikicha jani, akalinusa:
"Mwavi. Msijilambe vidole."

Mpapindi tukaugusa kwa zamu.

Mkasi, wa darasa la tano,
akahesabu vibao mara mbili:
"Mwalimu, mkarafuu uko wapi?"
"Haumo," akadakia Bwana Asaa. "Ule mgeni."

Mgeni!
Aliyenilipia ada na madaftari,
aliyemvunja baba nyonga msimu mmoja,
anayenukia hadi leo kwenye foronya zetu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alikuja na jembe mkononi,
akatukabidhi sisi.

Getini nikapekua mfuko:
vikonyo viwili, vikavu.
Nikavirudisha.