Namba Mpya za Milango

Usiku nilibadili kiini cha seva,
kerneli mpya, kama mwongozo ulivyotaka,
nikafunga ofisi ya ushirika wa zabibu Mpunguzi
nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Asubuhi feni haina habari.
Haijafa. Inazunguka
kwa uvivu wa mtu anayepoza chai isiyo yake,
na jua la Oktoba limeshapanda juu ya bati,
na vumbi jekundu limelala kwenye kibodi
tangu upepo wa juzi.

Nikauliza vihisi.
Kimoja: thelathini na nne.
Cha pili: sifuri.
Cha tatu: hasi sitini na mbili,
baridi ambayo Ugogo haijaionja tangu uumbwe.
Nikaweka kiganja ubavuni mwa seva,
nikakiondoa upesi.

Ndahani, mpima zabibu, akachungulia.
"Inaumwa?"
"Inaungua, na inasema ni nzima."
Hakubishana. Akaleta kipimajoto
anachochovya kwenye mapipa ya juisi,
akakifunga kwa raba pale hewa inapotokea.
Hamsini na nane.
Tukaangaliana.

Nikasoma kumbukumbu za kuwaka, mstari kwa mstari.
Moduli ya ubao-mama haikuitwa, nayo haikuja;
ina adabu za mkwe.
Nikaiita kwa jina. Ikaamka,
ikataja volti zake zote, ikataja mizunguko.
Ile sifuri ikawa mia saba.
Lakini feni, palepale, na chai yake.

Ndipo nikamkumbuka mama mkubwa Sechelela wa Nkuhungu.
Wapimaji walikuja na bikoni na rangi,
kitalu kikapangwa upya,
mlango wake namba mbili ukawa namba tano,
na namba mbili akapewa Chidawali.
Miezi saba ankara ya maji
ilikwenda kwa Chidawali, ambaye hana bomba.
Chidawali, mtu mpole, alijibu kila mwezi:
mimi sidaiwi.
Mama mkubwa akakatiwa maji
naye hajahama hata hatua moja.

Nikafungua hati ya feni,
niliyoiandika mwenyewe, miaka mitatu nyuma, kwa kujiamini:
nenda mlango wa pili, uliza joto.
Kumbe usiku kiini kipya kimepima viwanja.
Nyuma ya mlango wa pili sasa anaishi diski,
diski mtulivu, thelathini na nne,
na kila sekunde kumi feni inabisha hodi,
inajibiwa, "Huku salama,"
inashukuru, inaondoka.
Mlango wa tano prosesa anaungua
bila wa kumjulia hali.

Sisi mafundi vihisi tunaviita sensa.
Nikacheka peke yangu.
Sensa ni ile ya karani na chaki mlangoni,
na chaki mvua ya kwanza inaondoka nayo.

Nikafuta namba. Nikaandika:
pita milango yote, soma jina,
ukimpata prosesa, muulize yeye mwenyewe.

Feni ikanguruma hata Ndahani akaruka nyuma.
Karatasi za mizani zikapeperuka,
kilo mia mbili na kumi za Mama Madeje
zikatua chini ya kabati, tukazitafuta hadi saa sita.
Katikati ya kutafuta tulikuwa tunainuka
kutazama kipimajoto kama watu wanaotazama penalti:
hamsini na moja,
arobaini na sita,
arobaini na tatu, kikagoma hapo.
Inatosha. Hata sisi tulikuwa thelathini na tano.

Kile cha hasi sitini na mbili bado kinasema hivyohivyo.
Ni tundu tupu kwenye ubao, halina waya,
linapima pasipo kitu.
Ningeweza kukificha kwa mstari mmoja.
Nimekiacha.
Alasiri, bati linapolia kwa joto,
Ndahani hupita na ndoo zake, husimama mlangoni:
"Kule baridini wanasemaje leo?"
Nami humsomea.