Kufumua

Mwaka jana nilisoma kwa kalamu ya njano.
Kila mstari niliupaka,
hadi kitabu kizima kikang'aa kama shamba la alizeti
na mimi nikajiona nimelima.
Nikilala saa nane, nikiamka saa kumi,
miguu ndani ya beseni la maji baridi,
kahawa bila sukari.
Karatasi ikaniuliza: Eleza kazi ya figo.
Nikaiona rangi tu.
Njano, njano, njano.

Sasa narudia somo lile lile.
Chumba changu kiko Manyatta,
bati moja tu kati yangu na kibanda cha Okumbe fundi.
Stima ikipotea yeye hana habari,
anakanyaga cherehani kwa taa ya sola.
Jumatatu moja nikatoka na kitabu kuufuata mwanga wake.
"Unasoma nini?"
"Figo."
"Hebu niambie."
Nikafungua ukurasa. Akaufunga kwa ncha ya mkasi.
"Nimekuuliza wewe. Kitabu sijakiuliza."

Damu inaingia, nikasema, inachujwa, inatoka.
"Inasukumwa na nani?"
Moyo.
"Na sukari, inachujwa pia?"
Inachujwa.
"Mbona basi mkojo wangu hauna,
wa mke wangu unayo?"
Hapo nikanyamaza.
Mbu akapata nafasi ya kusema.

Usiku huo nilisoma kurasa mbili tu,
lakini nilizisoma kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha.
Kesho yake nikamrudia:
sukari yote huchujwa, kisha hubebwa kurudishwa damuni,
na mzigo ukiwazidi wabebaji,
iliyobaki humwagika.
"Kama mikokoteni ya Kibuye siku ya Jumapili," akasema,
akalamba uzi, akatunga sindano.

Kisha akanieleza alivyojifunza koti.
Miezi sita alimtazama mwalimu wake akishona
na kila siku alijua anajua.
Mpaka alipopewa koti kuukuu na wembe:
fumua, tandaza vipande sakafuni, lirudishe.
Alilirudisha. Mkono mmoja ukaangalia nyuma.
"Huo mkono," akasema, "ndio ulionifunza."

Akanipa mabaki ya karatasi za kukatia vitambaa.
Nafunga kitabu, naandika kutoka kichwani,
nafungua, nasahihisha kwa wino mwekundu.
Wiki ya kwanza nilichinja ng'ombe.
Wiki ya tatu, kuku,
ila homoni, ambazo hata leo hunichanganya.
Somo la Jumatatu nalirudia Alhamisi,
kisha naliacha mpaka lianze kunitoka,
ndipo naliita tena kwa jina.
Jumamosi Khavere huja kutoka Kondele na mitihani ya zamani.
Simu zetu twazitia ndani ya sufuria, kifuniko juu,
saa ya ukutani ndiyo msimamizi.
Tukibishana, hatumwamini mwenye sauti kubwa,
twamwamini anayeweza kuchora.

Na nalala. Saa nne nazima taa,
ng'ambo ya bati cherehani inaendelea
kurudia yale niliyosoma.

Siku ya mtihani mvua ilitoka ziwani mapema.
Nikageuza karatasi.
Figo haikuja.
Lilikuja ini, alama ishirini.
Kiganja kikalowa, kalamu ikateleza.
Kisha nikasikia, sijui kutoka wapi, mguu ukikanyaga:
damu inaingia wapi?
Inasukumwa na nani?
Nini kinabaki, nini kinamwagika?
Nikashika uzi mmoja, nikavuta.
Sehemu ya (d) niliiacha nusu.

Jioni Okumbe hakuniuliza kama nimepita.
"Walikuuliza nini?"
"Ini."
Ndani mkewe alikuwa anakohoa kidogo, akipanga dawa zake.
Akaweka mkasi chini,
akasogeza kigoda kwa mguu.
"Hebu niambie."